Mguu Wangu na Miaka Yako Mitatu

Kasulo, Jumapili alasiri

Mwanangu Shija,

Bado tunakula chungu kimoja hadi kesho alfajiri, kwa hiyo hii si barua ya kujuliana hali. Hali yangu unaijua kuliko mimi mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu kila mimi mama yako nikianza kulisema jambo hili, wewe huniambia, "Pumzika, mayu," na mimi napumzika kweli, na jambo linabaki pale pale. Leo umekwenda Kanazi na baba yako kumuaga dada yako Doto, mtarudi jua likizama. Nimekaa upande wa nyumba wenye kivuli, mguu mzima nimeunyoosha, daftari nimeliweka juu ya sinia. Mkono unachoka upesi siku hizi. Ukiona mwandiko umebadilika, ujue nilipumzika kidogo nikarudi.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala nauli, wala uamke saa ngapi. Hayo mjomba wako wa Shinyanga atakuonyesha ukifika kuanza chuo. Kupika na kufua hakuna wa kukufundisha. Umevifanya hapa nyumbani miaka mitatu, vijana wenzako wakikucheka kisimani. Ninayotaka kukuambia ni makosa yangu. Mengine unayajua nusu. Moja hulijui kabisa, na hilo ndilo lililonifanya niombe kalamu.

Nianze mbali kidogo.

Ulikuwa mtoto wa mgongoni tulipohamia huku. Baba yako alikuja na ng'ombe, mimi nikaja na wewe na hao pacha wawili, Kulwa na Doto, wakilia njaa njia nzima. Malisho kwetu yalikuwa yamekwisha. Wahangaza walitupokea, ila hatukujua lugha yao wala wao hawakujua Kisukuma chetu, tukawa tunaongea Kiswahili kama watu waliokutana ofisini. Nikiwaamkia "mwaramutse" walicheka lafudhi yangu. Nilizoea. Ulipoanza darasa la kwanza nikafungua kibanda cha chakula pale Benaco, wanapoegesha malori ya kwenda Rwanda na Burundi.

Madereva walipenda chai yangu kwa sababu sukari niliitia bila kipimo. Na mimi nikawa nakunywa nao. Nilipokuwa msichana tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Chai ya sukari tuliiona kwenye harusi. Pale kibandani ikawa asubuhi chai na chapati, mchana wali uliobaki, jioni soda moja baridi ya kuondoa uchovu, baadaye soda mbili. Nilinenepa. Baba yako alifurahi sana. Siku za mnada alinipitisha katikati ya watu makusudi, wamwone mke wa mfugaji alivyonawiri.

Kisha ikaja kiu. Nilimaliza jagi la maji nikiwa nimesimama. Nikawa natoka kibandani kwenda kujisaidia mara nyingi hadi wateja wakanitania. Macho yakaona ukungu, nikasema ni moshi wa kuni.

Aliyenishtukia ni Mama Zuhura, mwenye duka la mbele ya kibanda changu. Unajua watu wake asili yao ni pwani, babu yake alikuja huku na biashara ya nguo. Siku moja alinifuata nyuma ya vibanda, akanionyesha sisimizi waliojaa pale nilipotoka kujisaidia. Alisema taratibu, asisikiwe na madereva.

"Mama Kulwa, hawa hawafuati mkojo bure. Mimi ninayo sukari, mwaka wa sita huu. Nenda kapime."

Nilimwambia asante. Moyoni nilichukia. Nilijiambia huyu mwanamke ana duka, ana friji, anakaa kwenye kiti kutwa nzima akihudumiwa. Ugonjwa wa sukari ni wa watu wa namna yake. Mimi nachota maji kabla jogoo hajawika, nalima, napika, nabeba kuni. Utanipatia wapi? Neno lake nilikaa nalo karibu mwaka.

Nilikwenda zahanati siku nilipoanguka na ndoo ya maji kichwani. Nesi alinitoboa kidole, akatazama mashine, akabadilisha kidole akatazama tena. Akaniuliza nimesindikizwa na nani. Nikasema nimekuja peke yangu. Alinieleza kwa upole habari ya vidonge, asubuhi na jioni, habari ya chakula, na kwamba nirudi kila mwezi.

"Hadi lini?" nikamuuliza.

"Siku zote, mama."

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Dawa niliyoijua mimi ina mwisho wake. Unaumwa malaria, unameza, unamaliza dozi, unapona, unarudi shambani. Dawa isiyo na mwisho nilikuwa sijaisikia. Nilimeza mwezi mmoja na siku kadhaa, kiu ikapungua, macho yakafunguka, nikasema nimepona. Vidonge vilivyobaki nilivifunga kwenye kipande cha kanga nikavitia ndani ya mtungi wa mbegu. Baba yako aliponiuliza nesi alisemaje, nilimwambia ni presha kidogo, imeshuka.

Unajua kwa nini nilimficha? Nilijua angeuza ng'ombe. Si kwamba ni mchoyo. Ni kwamba hangesita, na mimi sikutaka. Nimekulia zizini, Shija. Kwetu mwanamke anayemlindia mumewe mifugo ndiye anayesifiwa, na mimi nilipenda kusifiwa. Mwaka ule ule mwenyekiti wa kitongoji alipita na daftari, anaandikisha kaya zinazotaka bima ya afya ya jamii. Baba yako alikuwa ametoka kuuza mahindi, fedha anayo mkononi. Alinigeukia akauliza, "Tujiandikishe?" Nami nikamjibu mbele ya mwenyekiti, "Nani mgonjwa hapa? Nunua mtamba." Akanunua mtamba, yule mwekundu mwenye baka ubavuni. Nilijiona mwanamke mwenye akili.

Hayo ndiyo ya mwanzo. Ya kidonda unayajua, ila hujui yalivyoanza.

Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi muda mrefu, kama si wangu. Siku moja nilikanyaga msumari uliochomoka kwenye benchi la kibandani. Ulipita kwenye kandambili ukaingia unyayoni, na mimi sikusikia. Nilihudumia wateja mchana kutwa. Jioni nikifagia nikaona damu sakafuni, nikatafuta nani amejikata, kumbe ni mimi. Niling'oa msumari, nikafunga kitambaa. Nikaweka majani ya kuponda niliyopewa sokoni. Nikafungua kapsuli nikamwagia unga wake juu ya kidonda, maana nilimwona mtu akifanya hivyo. Kikaziba juu, ndani kikaendelea. Ndiyo maana mwezi ule uliniona navaa soksi na mabuti ya mvua wakati jua linawaka.

Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne, matokeo yako mazuri umeshayapata, unasubiri kupangiwa shule. Ulianza kusema kuna panya amefia ndani. Ulitoa vitanda nje, ukafagia chini ya magunia, hukumwona. Kisha ukasimama ukanitazama miguu. Ulipiga magoti ukavuta buti, ukavuta soksi. Nakumbuka uso wako kuliko ninavyokumbuka maumivu, kwa sababu maumivu hayakuwapo.

"Mayu, tangu lini?"

Nikakujibu, "Juzi."

Hata pale nilidanganya.

Hospitali ya wilaya walituambia twende Mwanza. Mtamba mwekundu aliuzwa kwanza, akaishia kwenye gari lililotupeleka. Baada ya hapo sikuuliza tena ni yupi ameuzwa. Kulikuwa na vipimo, kusafishwa kidonda, dawa ambazo zikikosekana dirishani zinanunuliwa nje, damu, chakula changu, na chakula chako wewe uliyelala kwenye mkeka barazani na ndugu wa wagonjwa wengine. Baba yako alikuwa anarudi nyumbani kuuza na kutuma. Baadaye aliniambia kwamba wanunuzi wa mnadani wanamjua mtu mwenye mgonjwa kwa jinsi anavyotazama jua. Anataka kuuza kabla mnada haujachangamka, awahi kutuma fedha, basi wanamsubiri tu aishiwe nguvu. Ng'ombe wa mgonjwa hana bei, mwanangu. Tulikuja huku na kundi la kuziba njia. Niliporudi kutoka Mwanza zizini mlikuwa na wanne na ndama mmoja. Vile vidonge nilivyovifungia kwenye mtungi, mbuzi mmoja angenilipia mwaka mzima.

Nimepumzika kidogo. Sasa nifike pale.

Ulichaguliwa kidato cha tano, masomo ya sayansi, shule ya mbali. Siku ya kuripoti ilipita tukiwa Mwanza. Hukulalamika. Nilikuona ukiikunja ile fomu ya kujiunga, ukaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi zangu za hospitali, ukaendelea kunimenyea ndizi. Ulidhani hapo ndipo ilipoishia. Hata mimi nilidhani hivyo.

Siku moja kabla ya kukatwa mguu, ulikwenda kunifulia mashuka kwenye mabomba ya uani. Simu yako uliniachia chini ya mto. Ikalia. Nikapokea. Alikuwa Mwalimu Elias, aliyekuwa akikufundisha fizikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

Aliniuliza hali, akanipa pole ndefu, ya kweli. Kisha akasema alikuwa amempigia mkuu wa shule uliyopangiwa, akamweleza habari zetu, na mkuu yule amekubali kukupokea hata ukichelewa, mradi ufike kabla ya mwezi kuisha. Akasema walimu wenzake wamechanga. Nauli ipo, godoro lipo, hata madaftari. Akaniomba nikwambie upesi, maana simu yako haipatikani mara kwa mara. Akaongeza, "Mama, yule kijana akiishia njiani, mimi nitajuta."

Dirisha la wodi lilikuwa karibu na kitanda changu. Nilikuona kule uani unakamua shuka, umekaza mikono, povu limekujaa hadi kwenye viwiko.

Nikamwambia, "Mwalimu, Shija mwenyewe amekataa. Anasema shule basi."

Akauliza, "Amesema hivyo yeye?"

"Amesema."

"Haya mama. Mungu akuponye."

Nilibonyeza bonyeza simu mpaka namba yake ikafutika. Uliporudi, ukaniuliza kama kuna mtu amepiga. Nikakwambia amekosea namba.

Hilo ndilo, Shija. Nimeishi nalo miaka mitatu.

Nimetafuta sababu nzuri ya kukupa na sijaipata. Ninayo sababu ya kweli tu. Kitanda cha pili alikuwapo mama wa Sengerema aliyekatwa mguu kabla yangu. Alikufa siku ya tatu, hana ndugu karibu, manesi wakatafuta kwenye simu yake mtu wa kumpigia. Niliwatazama wanavyomfunika. Niliogopa kuwa yeye. Baba yako alikuwa mnadani, dada zako wana waume na watoto wachanga. Nilikuwa na wewe tu. Sikuwaza miaka yako. Niliwaza kesho yangu, na kisu, na nani atakuwa ameshika mkono wangu nikiamka. Na kweli nilipoamka ulikuwa umeushika. Nilifurahi, halafu nikakumbuka nilivyokupata, nikageuzia uso ukutani. Wewe ukamwita nesi, ukidhani nasikia maumivu.

Tuliporudi nyumbani ukawa miguu yangu. Ulinibeba hadi chooni siku za mwanzo, ukatazama pembeni ili nisione haya. Ulinifunga kidonda. Ulibeba magunia kwenye malori pale Benaco, ukabakiza fedha ya chuo kidogo kidogo ukaificha kwenye kopo, nami nikajua ipo wapi na sikuigusa. Angalau hilo sikuligusa. Nimekuwa nikikusubiri unilaumu. Hujanilaumu hata siku moja, na hilo limenichosha kuliko sukari.

Na kuna siku ile uliporudi sokoni umenyong'onyea. Ukaniambia umekutana na Mwalimu Elias, umemsalimia, ameitikia bila kusimama. Ukasema, "Ananiona mimi mvivu, mayu. Labda nilimwangusha." Nilikuwa nasonga ugali nimekaa. Niliendelea kusonga. Ungali unaamini mpaka leo kwamba mwalimu yule alikudharau kwa sababu hukuwa na maana. Yeye naye aliamini ulizitupa fedha zake na jasho lake. Watu wawili mnaopendana, mkapishana njiani miaka mitatu kwa neno langu moja.

Mwaka jana nilimwambia baba yako. Alisikiliza hadi mwisho, akatoka akaenda kuwatazama ng'ombe wake wanne. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, "Pengine angechagua kubaki na wewe. Ungemwachia achague." Halafu akasema, "Mwambie mwenyewe. Mimi hilo silibebi." Hajalitaja tena. Unamjua baba yako, kwa mwaka mzima anaweza kusema maneno kumi ya maana, na hayo yalikuwa sita au saba kati yake.

Maneno yake yalinigeuza. Kabla ya hapo nilijilaumu kwamba nilikunyima shule. Nilikuwa sijaona kwamba nilikunyima pia ile heshima ya kunisaidia kwa kupenda. Pengine ungebaki kweli, na ungebaki ukijua unachokiacha. Mimi nikachukua kwa wizi kitu ambacho labda ungenipa mwenyewe.

Jumanne iliyopita, siku ya kliniki, nilikwenda kwa Mwalimu Elias. Ulidhani nimechelewa kwa sababu ya foleni. Foleni ilikuwapo pia, sikudanganyi. Nilipoanza kliniki ile ya sukari tulikuwa tunaenea kwenye benchi moja, tunajuana majina, nani kapungua, nani kaongezeka. Siku hizi watu wanakaa chini kwenye nyasi hadi getini. Yupo dereva wa bodaboda umri wako. Wapo walimu, yupo mwinjilisti, wapo kina mama wa shambani waliokonda kama fito ambao ukiwaona huwezi kudhani. Kila mmoja anakuja na hadithi ile ile: nilidhani ni malaria, nilidhani nimelogwa, nilidhani ni wa matajiri. Na kila mmoja nyuma yake kuna shamba lililouzwa, au mtoto aliyerudishwa nyumbani. Nawasikiliza tu. Sina nguvu ya kumwambia mtu kitu. Mama Zuhura yeye huwaambia. Amenizidi umri, ana sukari miaka mingi kuliko mimi, na bado anatembea kwa miguu yake miwili, kwa sababu alimeza vidonge vyake siku zote kama alivyoambiwa. Huyo ndiye niliyemchukia. Na dawa yangu ya sindano sasa inakaa kwenye friji ya duka lake, katikati ya soda.

Ni yeye aliyenikodia bajaji hadi shuleni. Mwalimu alitoka darasani na chaki mkononi. Amezeeka kidogo. Alininyooshea kiti, nikakataa, nikasema nisimame na magongo yangu nimalize kwanza. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia hapa. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anaitazama chaki.

"Mama," akasema, "ungeniambia tu kwamba unaogopa. Ningekuja Mwanza. Tungetafuta mtu wa kukaa na wewe."

Katika mambo yote niliyoyafikiria kitandani pale, hilo la kumwambia mtu kwamba naogopa halikunijia hata kidogo. Nilijua kuficha na nilijua kudanganya. Njia ya tatu sikuijua, na ilikuwa pale pale, kwenye simu.

Alirudi darasani. Nilikuwa nimeshapandishwa kwenye bajaji alipotoka tena. Akainama dirishani akasema, "Mwambie Shija nyumba yangu ni ile ile." Basi. Nakufikishia.

Sina mausia mengi. Mtu aliyepoteza mguu kwa ukaidi hana haki ya kumfundisha mwenzake kutembea. Ila wewe umetoka tumboni mwangu, na nesi anasema ugonjwa huu hupita kwenye ukoo, kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ukihisi mwili wako umebadilika, sema. Mwambie mjomba wako, mwambie mwenzako wa chumbani, mwambie yeyote. Usiusubiri ukuumbue kwa harufu kama ulivyoniumbua mimi. Nilidhani kunyamaza ni bure. Katika yote niliyowahi kulipia, hakuna kilichotugharimu kama kunyamaza.

Na usikae Shinyanga ukinihurumia. Baba yako ameshajifunza kunichoma sindano. Siku ya kwanza alinibana mkono kama anambana ndama, nikamwambia mimi siruki uzio, akacheka hadi sindano ikamtetemeka. Sasa anafanya vizuri kuliko wewe, usikasirike. Kulwa atakuja kutoka Nyamigogo kila akimaliza palizi. Nikizidiwa watakupigia, sitawazuia wasikupigie, nimemaliza mambo ya kuzuia simu. Wakikupigia, uliza kwanza nani yupo na mimi. Kama yupo mtu, maliza mtihani wako ndipo uje. Hilo nimewaambia wote, na sasa nimekuandikia, kusudi siku hiyo nikilia nikikuita, ujue ni ugonjwa unaosema.

Umeme unaokwenda kuusomea ni kazi nzuri. Najua hukuanza kwa kuutaka huo. Ulitaka kusoma mpaka chuo kikuu. Nakuona unavyosema "umeme nao ni fizikia" ili mimi nisijisikie vibaya. Ulikuwa unanifariji bila kujua unanifariji kwa lipi. Sasa unajua.

Naona vumbi barabarani, labda ni ninyi, labda ni lori. Nimalize.

Nilitaka kuitia barua hii chini ya nguo kwenye begi lako, uikute umeshavuka Kahama, mbali, usiweze kunitazama. Jana usiku nilishaamua hivyo. Leo asubuhi nimeona kwamba huko kungekuwa kujificha kwa mara nyingine. Kwa hiyo nitaiweka juu ya kitanda chako sasa hivi, kabla ya chakula. Mimi nitakuwa jikoni. Ukitaka kunisema, njoo uniseme. Kaa hapo mbele yangu, sema yote, sitakwambia nimechoka. Ukitaka kwenda kwanza kwa Mwalimu Elias, nenda, tutakufunikia chakula. Ukitaka usiseme na mimi kabisa, nayo ni haki yako, na sitamtuma baba yako aje akusuluhishe.

Ila kesho alfajiri basi likisimama pale Benaco, panda, Shija. Hata kama hujanisamehe, panda.

Mama yako